Nani Aliiba Jeneza la Bénie?

Jamani, kaa chini kwanza. Hii nitakayokuambia hutaiamini, na sikulaumu, maana hata polisi aliyeshika hii kesi alijiuliza kama anaota. Ilitokea Smithfield, hapa hapa Sydney magharibi, Jumamosi tarehe thelathini Oktoba 2021, mchana kweupe, jua linawaka. Jeneza liliibwa. Na ndani ya hilo jeneza kulikuwa na mtu, tena hai, anapumua.

Unakumbuka ile wiki? Lockdown ilikuwa imefunguliwa juzi juzi tu. Watu wamekaa ndani miezi mitatu na nusu, wameongea na kuta mpaka kuta zimechoka. Kwa hiyo bendi ya Kaburi Wazi ilipotangaza shoo ya Halloween, tiketi ziliisha siku moja.

Ukumbi ulikuwa godauni la zamani la matairi. Watu mia na hamsini, wote wamekaa kwenye viti, kucheza marufuku, barakoa lazima. Ungewaona! Mavampaya wamevaa barakoa za hospitali juu ya meno ya plastiki. Manesi wawili wa Kenya wamekuja na yunifomu zao za kazini, wamezimwagia tomato sauce.

Shoo yenyewe ilikuwa na mpango huu. Taa zinazimwa. Ngoma inapigwa mara saba, polepole. Wanaume wanne wenye makoti marefu meusi wanaingia wamebeba jeneza jeusi mabegani. Wanaliweka katikati ya jukwaa, gitaa linalia, mfuniko unafunguka, na Bénie anainuka, uso mweupe kama chaki, anaimba.

Saa tisa na dakika kumi, taa zikazimwa. Ngoma ikapigwa mara saba.

Hakuna aliyeingia.

Ngoma ikapigwa tena mara saba. Kimya. Halafu Clifford, mpiga gitaa na mkubwa wa bendi, akatoka mbio kutoka nyuma ya pazia na kushika maiki.

"Jeneza halipo," alisema.

Watu wakapiga makofi.

"Bénie yuko ndani yake! Hii si shoo, jamani! Mtu ameiba jeneza na Bénie yuko ndani!"

Makofi yakazidi. Jamaa mmoja mstari wa mbele, kichwani amevaa boga, akapiga mluzi. Clifford akaanguka magoti akalia, rangi nyeusi ya macho ikamtiririka mpaka kwenye barakoa.

"Huyu kijana anajua kuigiza!" mtu akapiga kelele.

Mpiga ngoma akatupa vijiti chini. Taa zote zikawashwa. Ndipo kicheko kikaanza kufa, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka ukawasikia wale manesi wawili nyuma kabisa wakisema, "Mungu wangu. Ni kweli."

*

Inspekta Jerusha Mwiti alifika saa tisa na nusu. Mmeru, mrefu, mwanamke wa maneno machache, miaka ishirini na mbili sasa yuko hapa Australia. Alikuwa zamu ya wikendi, Wetherill Park, anafuatilia forklift iliyoibwa. Nyuma yake alikuja Sajenti Maxwell, mzungu mwenye ndevu nyekundu ambaye Kiswahili chake chote ni "jambo" na "pole pole".

"Nani alimwona mwisho?" Jerusha aliuliza.

"Adrien," Clifford alisema. "Fundi wetu wa vifaa vya jukwaani. Ni yeye alimfunga."

"Alimfunga?"

"Jeneza lina makomeo mawili, afande. Kwa nje. Bila komeo mfuniko unateleza tukilibeba."

"Akiwa ndani anaweza kuyafungua?"

"Hapana."

"Hewa?"

"Adrien alitoboa matundu. Chini, kwenye sakafu ya jeneza, ili watu wasiyaone. Likiwa mabegani hewa inaingia vizuri."

"Na likiwekwa chini?"

"Yanaziba, afande," Clifford alisema.

"Simu yake?"

"Ile pale."

Simu ya Bénie ilikuwa kwenye meza ya vipodozi. Na pembeni ya simu kulikuwa na kitu kidogo cha bluu. Jerusha alikichukua. Pampu ya pumu.

"Hii ya nani?"

"Yake," Clifford alisema.

Maxwell akawapigia watu wa ambulensi, akaweka spika. Aliwauliza mtu mwenye pumu, mwenye hofu, amefungiwa kwenye sanduku lisilo na hewa, ana muda gani. Mama upande wa pili akajibu, "Usiniulize hesabu hiyo. Mtafute tu."

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa nane na dakika arobaini."

Jerusha akaangalia saa. Tisa na thelathini na sita. Tayari dakika hamsini na sita zilikuwa zimeenda.

*

Eneo la tukio lilikuwa chumba kidogo cha vifaa, nyuma, kinachotazama mlango wa kupakulia mizigo. Mlangoni kumebandikwa karatasi: watu wawili tu kwa wakati mmoja, sheria ya korona. Ndiyo maana wabebaji wanne walikuwa wamesubiri upande wa pili wa ukumbi. Chumba kilibaki bila mtu karibu nusu saa.

Jerusha alivaa glavu. Akasimama mlangoni. Akaangalia.

Sakafuni kulikuwa na pembe mbili kubwa za plastiki, ambazo bendi ilizifunga kwa skrubu juu ya mfuniko wa jeneza. Zimewekwa sambamba, vizuri. Pembeni yake, kikombe cha karatasi, ndani yake skrubu nane. Msalaba wa mbao ambao bendi iliupigilia kichwa chini ulikuwa umeegemezwa ukutani. Umegeuzwa. Kichwa juu.

Na kwenye kona, mifupa. Mifupa ya plastiki, ile ya dukani, imelazwa chali, mikono imekunjwa kifuani kama maiti halisi.

"Hii mifupa hukaa hivi?" Jerusha aliuliza.

"Hapana, afande," Clifford alisema. "Hukaa kwa kiti, imevaa suti, ikisubiri kupelekwa jukwaani."

"Suti iko wapi?"

Clifford akageuka huku na huku. "Ilikuwa imevaa suti. Ya kijivu. Naapa ilikuwa nayo."

Maxwell alinong'ona kwa Kiingereza kwamba huyu mtekaji ni kichaa. Jerusha akatikisa kichwa.

"Mtekaji hana muda," alimwambia. "Mtekaji anachukua mtu anakimbia. Huyu alikaa hapa akafungua skrubu nane, moja moja, akaziweka kwa kikombe zisipotee. Akaivua mifupa nguo. Maxwell, huyu hakuja kumchukua msichana."

"Alikuja kuchukua nini?"

"Jeneza. Na suti. Hajui kama kuna mtu ndani."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyomtisha kila mtu pale. Mtekaji anajua ana mtu, anaweza hata kumpa maji. Mtu asiyejua ana mtu atafanya nini? Anaweza kulizika. Anaweza kulichoma moto.

*

Mlinzi wa mlango wa nyuma aliitwa Kariuki. Kijana wa Nakuru, anasoma uhasibu, wikendi analinda. Alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri kiboko.

"Umeona nini?"

"Watu wawili, afande. Mwanamke na mwanaume. Nguo nyeusi za msiba, barakoa nyeusi. Wamekuja na van nyeupe, ile yenye lifti nyuma."

"Na hukuwauliza?"

"Afande, leo kila mtu ni maiti ama mchawi! Nilijua ni waigizaji. Mama alikuwa analia machozi kabisa. Nikamwambia, mathe, uko na talanta."

"Walitoka na jeneza?"

"Kwa troli. Mimi..." Kariuki akautazama mlango. "Mimi niliwashikia mlango."

"Msichana hakupiga kelele?"

"Hakuna, afande. Kimya."

"Ana vile vya muziki masikioni," Clifford alisema kwa sauti ndogo. "Wimbo wa kuanzia unapiga humo. Akisukumwa anajua ni sisi tunampeleka jukwaani. Tulimwambia asijitikise mpaka gitaa lilie."

Walitazama kamera ya usalama. Picha ilikuwa vile vile: mwanamke mfupi, mwanaume mpana, van nyeupe. Lifti ya nyuma imekunjwa juu, imefunika namba ya gari yote.

"Uliwaruhusu kuingia bila check-in ya korona?" Jerusha aliuliza.

Hapo Kariuki akainua kichwa, mara ya kwanza. "Hapana! Hiyo siwezi, afande, naogopa faini. Simu ya yule mama ilikuwa inakataa, ndio nikampa kitabu aandike jina na namba."

"Kitabu kiko wapi?"

Kitabu kikaletwa. Majina arobaini na moja: wapishi, watu wa spika, watu wa taa, waigizaji.

"Ni lipi?"

"Sikuangalia, afande. Nilikuwa natazama lile jeneza."

Maxwell alicheka kwa hasira. Mwizi gani anaandika jina lake la kweli kwenye kitabu?

"Mwizi ambaye haamini kwamba anaiba," Jerusha alisema. "Niletee Adrien."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Adrien aliletwa kwenye chumba cha vipodozi. Mkongo, thelathini na kitu, mikono ya fundi, jasho mpaka kwenye barakoa.

"Ulimfunga, ukaenda wapi?"

"Mlangoni, Madame Inspekta. Mustari ilikuwa murefu. Ile certificate ya chanjo ilikataa kufunguka kwa simu za watu. Clifford akanituma nisaidie."

"Ukamwacha ndani."

"Nilisema dakika tano! Yeye mwenyewe alinionyesha kidole hivi, sawa sawa."

"Clifford anasema asubuhi mligombana."

"Kidogo tu."

"Kuhusu nini?"

"Alisema hataki kulala tena mule. Alisema eti iko kama ya kweli."

"Ni ya kweli?"

"Hapana. Ni plywood."

"Ulilitoa wapi?"

"Online."

"Kwa nani?"

"Mutu wa Penrith."

"Nionyeshe meseji."

"Nilifuta."

Jerusha hakupiga kelele. Alichukua ile pampu ya bluu, akaiweka mezani mbele ya Adrien, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka ikamgusa mkono.

"Hii ni pumzi ya Bénie," alisema. "Ilitakiwa iwe naye. Mimi nina swali moja tu, na kila ukinidanganya, yeye ndiye analipa. Lile jeneza ni la nani?"

Adrien akaitazama pampu.

"Ni ya kweli," alisema. "Sanduku ni ya kweli. Ilikuwa kwa store ya kanisa yetu."

"Kanisa linaweka jeneza store?"

"Kuna papa moja, muzee, alikufa na korona, mwezi wa nane. Watu wakachangishana, wakanunua sanduku nzuri wamurudishe Uvira, kwetu Congo. Ndege hakuna. Hospitali wakasema azikwe hapa, tena kwa sanduku ingine, imeshafungwa. Watu kumi tu kaburini. Hii ikabaki bure. Shemasi akaniambia, Adrien, punguza vitu kwa store. Mi nikaona, si itatupwa? Nikapaka rangi nyeusi."

"Na suti?"

Adrien akajifunika uso.

"Suti, Adrien!"

"Ilikuwa ndani. Imekunjwa. Na viatu, na Biblia. Mi sikujua ni ya nini."

"Ukaivisha mifupa ya plastiki."

"Sikufikiria, Madame. Naapa sikufikiria."

"Jina la marehemu."

"Papa Akilimali."

"Ana mke?"

"Mama Goreth. Anakaa Guildford."

Jerusha alikuwa ameshafungua kitabu. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama mstari wa ishirini na tatu. Mwandiko wa mtu aliyesoma kwa masista, herufi zimenyooka: Goreth Ninahazwe. Saa nane na dakika arobaini na nane. Namba ya simu. Na mbele yake, bila kuulizwa na mtu, ameandika kwamba amechanja mara mbili.

Akapiga ile namba. Inatumika.

Akapiga tena. Inatumika.

"Twende," alisema. "Adrien, utatuonyesha nyumba."

*

Saa kumi na dakika kumi na saba gari lilisimama Guildford mbele ya nyumba ya matofali yenye nyasi ndefu. Van nyeupe ilikuwa imeegeshwa barabarani. Tupu. Dakika tisini na saba zimepita.

Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka kumi na sita hivi, Cécile, binti wa Goreth. Alikuwa anatetemeka kama ana homa.

"Mama yako yuko wapi?" Jerusha aliuliza.

"Out the back. She's praying." Msichana alishika mlango kwa mikono miwili. "Please don't go there. There's something in the garage."

"Something gani?"

"It was knocking."

Jerusha akakimbia. Alipita pembeni ya nyumba, kwenye mapipa ya taka, na kabla hajafika nyuma alianza kuzisikia: sauti. Si mbili, si tatu. Sauti za watu wengi wanaomba kwa pamoja, wanapiga kelele, wanakemea. Shindwa! Toka! Rudi ulikotoka!

Lakini uani kulikuwa na watu wawili tu.

Sauti zilikuwa zinatoka kwenye simu. Simu imesimamishwa juu ya kreti, Zoom imefunguliwa, sura ishirini na kitu, wengine Adelaide, wengine Goma, kila mmoja amefumba macho, mikono juu. Mbele ya simu amepiga magoti mwanamke mfupi, gauni jeusi, suti ya kijivu ameikunja mapajani. Na mwanaume mpana ameushika mlango wa gereji kwa nguvu zake zote, mgongo kwa mlango, kama anamzuia mtu asitoke.

"Polisi! Fungua huo mlango!"

"Dada, usikaribie!" yule mwanaume alipiga kelele. Alikuwa Bruno, shemeji yake Goreth, dereva wa mizigo. "Kuna kitu ndani. Tulileta sanduku tupu, tukaiweka chini, mara ikaanza kugonga! Kugonga na kukoroma! Wale watu wa muziki wameita pepo ndani ya sanduku ya kaka yangu!"

"Inagonga sasa hivi?"

"Hapana." Bruno akatabasamu, jamani, alitabasamu, uso umejaa jasho. "Imeacha. Robo saa sasa. Maombi imeshinda!"

"Amina!" wakapiga kelele wale wa kwenye simu. "Amina! Amina!"

Jerusha akaukimbilia mlango.

Maxwell hakuhitaji mkalimani. Alimshika Bruno kwa ukosi akamvuta pembeni, mlango wa gereji ukapanda juu kwa kelele.

Jeneza lilikuwa katikati, limelala juu ya zulia kuukuu. Matundu yote chini, yamezibwa na zulia. Jeusi, kimya, makomeo yote mawili yamefungwa.

Jerusha alipiga magoti. Akanyoosha mkono kwenye komeo la kwanza.

Na mkono ukakataa.

Alikuja kusema mwenyewe baadaye. Sekunde moja, labda mbili. Ameshika silaha mara ngapi, ameona maiti ngapi, lakini pale, na zile sauti ishirini nyuma yake zinakemea, mkono wake wa Kimeru ulisimama hewani ukasema mimi siendi. Halafu akasema "Bénie" kwa sauti, kama mtu anayejikumbusha, akafungua komeo la kwanza, akafungua la pili, akainua.

Goreth akapiga ukelele ambao majirani wa mtaa mzima waliusikia.

Maana walichoona ni maiti. Uso mweupe kama chaki, macho yamezungushiwa nyeusi, damu ya rangi mdomoni. Kwenye simu ikatokea vurugu. Mtu akapiga kelele kwa Kifaransa, kamera ikaanguka, na wale waombaji wakaanza kutoka kwenye mkutano, mmoja, wawili, watano, mpaka skrini ikabaki na pasteur, mchungaji wao, peke yake, mdomo wazi.

Jerusha aliona kingine. Aliona kucha zimevunjika. Aliona kitambaa cha ndani ya mfuniko kimechanika mistari. Aliona, chini ya rangi nyeupe, midomo imekuwa ya bluu.

Akaweka vidole shingoni.

"Mapigo yapo! Madogo, lakini yapo! Hapumui!"

Walimtoa wakamlaza kwenye zulia. Kumbuka hii ni Oktoba 2021, watu wanaogopa hata kukohoa. Jerusha alivua barakoa yake akaitupa, akamfungua yule msichana mdomo, akampulizia pumzi yake mwenyewe. Moja. Mbili. Maxwell anahesabu kwa sauti. Cécile amesimama kwenye kona ya nyumba anasema "oh my God, oh my God" bila kupumzika. Saba. Nane. Hakuna kitu.

Pumzi ya kumi na moja, Bénie akakohoa.

Ambulensi ambayo Maxwell aliiita njiani ilikuwa inaingia kona ya barabara. Wakamwekea oksijeni na dawa ya pumu. Alipopitishwa kwenye machela alikuwa amemkazia macho Goreth. Hakuwa na sauti ya kusema.

*

Maelezo ya Goreth Ninahazwe yalirekodiwa jioni ile kituoni. Jerusha alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuomba wakili, anaweza kuletewa mkalimani.

"Mi sitaki kunyamaza," Goreth alisema. "Nimenyamaza toka mwezi wa nane."

"Jeneza ulilionaje?"

"Kwa WhatsApp. Watoto wa kanisa walituma poster ya ile muziki yao. Nikaona sanduku. Mi nilichagua ile sanduku, dada. Mi nilichagua ile mikono ya kubebea, ya shaba, na maua yake. Mutu akipaka rangi nyeusi, mi sitaijua? Halafu nikaona mufupa inavaa suti ya bwana yangu. Suti ya ndoa yetu."

"Kwa nini suti ilikuwa ndani?"

"Bwana yangu walimuzika ndani ya mufuko ya hospitali. Bila nguo yake. Mi nilikuwa isolation na korona, niliangalia kwa Zoom, na Zoom ikakatika. Nikasema, siku ndege itafunguka nitapeleka ile sanduku Uvira na nguo yake, tutaizika pale, mama yake naye apate mahali ya kulia. Ndiyo ilikuwa mazishi yake. Na bale watoto wakaifanya mchezo. Watu wanacheka."

"Ungekuja polisi."

"Niseme nini? Kwamba wanamukosea mufu heshima? Kuna sheria ya hiyo?"

Jerusha akahamia swali lingine.

"Mlipolisukuma, hamkuona ni zito?"

"Bruno aliona. Nikamwambia ni mbao nzuri. Nilitaka iwe zito."

"Lilianza kugonga lini?"

Goreth akaanza kusugua mikono.

"Tulipoiweka chini tu. Bruno alikimbia. Mi nikabaki. Ikagonga tena. Tatu. Tatu. Bruno akapigia pasteur, pasteur akasema musifungue, ni pepo, mukifungua itaingia kwa mutoto."

"Na wewe uliamini ni pepo?"

Mashine ya kurekodi ilikuwa inaendelea, taa yake nyekundu imewaka.

"Mama Goreth. Uliamini ni pepo?"

"Hapana."

"Uliamini ni nini?"

"Ni yeye," Goreth alisema. "Bwana yangu. Mi sikumuona akikufa, dada. Hakuna mutu alinionyesha. Walipiga simu tu, wakasema amekufa. Sikumuosha, sikumugusa. Kila usiku najiuliza, na kama walikosea? Na kama ni mutu mwingine? Halafu sanduku yake inagonga."

"Basi kwa nini hukufungua? Kama ulidhani ni mumeo, kwa nini ulikaa saa nzima nje ya mlango?"

Goreth aliangalia meza. Alipojibu ilibidi Jerusha ainame kumsikia.

"Kama ni yeye, na ni muzima, basi mi ndiye nilimuacha kule miezi mbili na zaidi. Angeniuliza, Goreth, ulikuwa wapi? Ningemujibu nini? Niliogopa ile swali kuliko pepo." Akapangusa uso kwa mkono wa gauni. "Ilipoacha kugonga, Bruno alisema asante Yesu. Na mi nilisema asante. Nilisema, dada. Kwa mudomo yangu. Na mule ndani alikuwa mutoto ya mutu."

Jerusha alizima mashine. Halafu akamwambia kilichokuwa kimetoka hospitali nusu saa iliyopita: Bénie ameamka, anapumua mwenyewe, atapona. Sauti itachukua muda.

Goreth aliweka kichwa juu ya meza akalia mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia.

Bénie alihojiwa Jumatatu. Alikuwa anaandika majibu kwenye karatasi. Aliandika kwamba alisikia kila kitu. Mwanzoni, muziki ukiwa masikioni, alidhani ni bendi. Baadaye alizisikia zile sauti nje zinamwambia shindwa, toka, na akagonga kwa nguvu zaidi, kwa sababu kutoka ndiko alikokuwa anataka. Kupiga kelele alishindwa, kifua kilikuwa kimeziba. Jerusha akamuuliza kama anataka kesi iendelee dhidi ya Mama Goreth. Bénie aliandika kitu, akakikata. Akaandika tena, akakikata. Mwishoni akarudisha karatasi bila jibu na kugeukia ukutani.

Sasa wewe unayesoma hii hapo kwenye simu yako. Usiniambie haraka haraka kwamba ungefungua, maana hata inspekta mkono wake ulikataa. Jiweke pale uani Guildford. Mtu wako amekufa na hukumzika. Sanduku lake liko nyuma ya mlango, unajua ni tupu, na linagonga. Mara tatu. Mara tatu. Watu ishirini wanakuambia usiguse, na mtoto wako yuko nyuma yako anatetemeka.

Niambie ukweli. Wewe ungefanya nini?